Kilomita Moja Kando ya Laga

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba Wajir kuna njia ya msituni kando ya mto, atadhani unamtania. Kaunti nzima haina mto unaotiririka mwaka mzima, na mvua yake ya kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka. Lakini kuna laga, mikondo ya mchanga inayopitisha maji siku chache baada ya mvua kubwa kisha ikakauka, na kando ya laga kuna miti. Huo ndio msitu wa Wajir, na sioni utakavyothaminiwa mpaka watu waupite kwa miguu, hata kilomita moja tu. Aliye garini huona mstari wa kijani ukipotea nyuma yake. Anayetembea huelewa kwa nini miti imejipanga hivyo: maji yamezama mchangani, na mizizi ya mgunga imeyafuata huko chini. Mswaki, huu huu tunaosugulia meno, hustawi penye maji ya ardhini hata yakiwa na chumvi.

Simama kidogo chini ya mgunga. Tawi moja lina miiba ya namna mbili, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana. Kiangazi, maganda yaliyojisokota hutapakaa chini, na mbuzi huyaokota wakati nyasi zimekwisha. Mbegu nyingi hutobolewa na wadudu, ila mbuzi akiwahi kuzila, wadudu hufia tumboni mwake na mbegu ikatoka na samadi, tayari kuota. Kwa hiyo tusiwe wepesi kumlaumu mfugaji. Gunia la makaa ya miti hii linadhuru laga zaidi kuliko mbuzi wake.

Wapo watakaosema matembezi ni anasa ya walioshiba, hasa baada ya ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana na mifugo ikafa. Lakini ukame huohuo ndio unaoonyesha thamani ya laga, kwa kuwa kivuli na maganda yake hubaki wakati malisho mengine yameisha. Pingamizi la usalama ni zito zaidi, na silipuuzi: laga za karibu na mpaka si za kutalii. Njia ianzie jirani na mji, ifuate vijia ambavyo mifugo imeshavikanyaga, na wenyeji waiongoze, maana wao ndio wanaojua pia palipovamiwa na vichaka vya miiba vya mathenge, mahali ambapo hata mbuzi hupenya kwa shida. Tena wanajua kutazama juu. Maji ya laga huweza kufika kutokana na mvua ya mbali, bila tone kukudondokea, na mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara za kaunti hii. Wingu likitanda upande yanakotoka maji, mtu hutoka mchangani na kupanda ukingo.