Bamvua Moja, Kazi Mbili

Siku za bamvua, kama saa nne asubuhi, maji hupwa mbali katika pwani ya mashariki ya Unguja. Mama anayeteremka na kamba begani anajua yatarudi baada ya saa chache. Ndani ya saa hizo anaweza kufunga mbegu za mwani, au kwenda mwambani kuchokoa pweza. Yote mawili hayawezi.

Kile anachokiacha wanauchumi hukiita gharama ya fursa. Kwenye daftari la mnunuzi hakimo. Kilo ya mwani mkavu inatajwa bei yake. Pweza aliyebaki pangoni hana wa kumtaja.

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kabla ya hapo wengi walisokota kamba za usumba: makumbi yanafukiwa miezi kadhaa, yanafukuliwa, yanapondwa, ndipo yasokotwe. Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi. Walioacha usumba walipiga hesabu sawasawa, maana walichokiacha kilikuwa kidogo.

Pweza ni hesabu nyingine. Tuseme bamvua lina siku sita za kazi, na mama huyu zote alizitumia mwambani. Siku ya kwanza atakayoihamishia kwenye mwani haimpotezei kitu kikubwa: ataitoa ile ya ukingoni, ambayo mwamba hautoki vizuri. Ya pili na ya tatu zitamuuma kidogo. Lakini ya sita ni ile ya katikati ya bamvua, mwamba uko wazi kabisa na kapu linajaa. Bei ya mwani iliyomvuta siku ya kwanza haitamvuta siku hiyo.

Ipo aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosumu. Lakini maji ya kina kifupi yamezidi joto, na kotonii huoza kambani. Kuifuata kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa.

Ndiyo maana namwomba kila anayepanga malengo ya mwani na kila anayeununua: bei ipimwe pia kwa siku ya bamvua, si kwa kilo peke yake. Kaeni na akina mama hawa, muwaulize siku hiyo wangeleta nini nyumbani kama wasingekwenda shambani.