Mlisheni Mama, Kopo Rudisheni Dukani

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kamati ya akina mama wa kanisa moja hapa Dar es Salaam: "Daktari, tumekusanya makopo 120 ya maziwa kwa ajili ya watoto wachanga wa Kongo. Tuyapeleke kwa nani?" Kabla yao waliniuliza vijana wa msikiti, na kabla ya hapo wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Bukavu. Kila milima ya Kivu, mashariki mwa Kongo, inapowaka moto, swali ni hilo hilo. Jibu langu nalo halijabadilika: msiyapeleke kwa mtu yeyote. Yarudisheni dukani, chukueni pesa yenu, kisha tuzungumze.

Watu hukasirika nikisema hivyo. Huniona mtu mwenye roho ngumu. Lakini nimefanya kazi ya lishe kambini kwa miaka mingi, na nimewazika watoto waliouawa na zawadi. Kwa hiyo leo naandika, ili nisiulizwe tena.

Hali ya Kivu mnaijua. Tangu kundi la waasi la M23 liliporudi vitani mwishoni mwa 2021, watu wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo wamehama, wakarudi, wakahama tena. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Kambi zilizoizunguka Goma zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi vilimani, ambako wengi walikuta nyumba zimeungua na mashamba ya maharage na viazi yamegeuka magugu. Siasa yake nawaachia wengine. Mimi nazungumzia titi na kopo.

Imani inayozaa swali hili ni moja: kwamba mama aliyekimbia vita maziwa yake hukauka kwa hofu na njaa. Nimeisikia kwa wazee, kwa viongozi wa dini, kwa waandishi wa habari, hata kwa wauguzi ambao walipaswa kujua zaidi. Si kweli.

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa agizo la homoni iitwayo prolaktini, nayo hupanda mtoto anaponyonya. Akinyonya zaidi, yanatengenezwa zaidi. Homoni ya pili, oksitosini, ndiyo inayoyasukuma yatoke. Hofu, milio ya mabomu, na aibu ya kutoa titi mbele ya wanaume wageni katika darasa la shule lililojaa familia kumi na tano, huichelewesha hii ya pili. Maziwa yamo, ila yamekataa kushuka. Mpe mama huyo pembe yenye pazia, mwanamke mwenzake wa kukaa naye, kikombe cha chai ya moto, na mtoto alazwe kifuani ngozi kwa ngozi. Yatashuka. Kinachokausha titi hasa ni mtoto kutonyonya, na mtoto huacha kunyonya pale tumbo lake linapojazwa kwa kopo. Yaani dawa mnayoileta ndiyo inayozaa ugonjwa mnaouogopa.

Na njaa je? Mwili wa mama humtanguliza mtoto, wenyewe ukabaki nyuma. Hata mama mwenye utapiamlo wa kadiri hutoa maziwa ya kumtosha mwanawe. Aliyekonda kupita kiasi ndiye ambaye maziwa yake hupungua, na tiba yake ni kumlisha yeye. Mkimpa mtoto kopo na mama mkamwacha na njaa yake, mtapata wagonjwa wawili.

Sasa tupige hesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji takriban kilo 20 za maziwa ya unga kwa miezi sita ya mwanzo. Kopo la gramu 400 humwishia kabla ya siku nne. Makopo 120 ya kamati yetu, pamoja na jasho lote lililoyachanga, yanawatosha watoto wawili na ushee. Lakini hayatagawiwa kwa watoto wawili. Yatagawiwa kwa akina mama 120, kopo moja kila mmoja. Siku ya tano kopo tupu, titi limeshaanza kupungua, na aliyeleta zawadi amesharudi kwao na picha zake.

Mwaka 2023, wakimbizi wapya kutoka Kongo walipoingia Kigoma, nilimpokea binti aliyetoka Masisi akiwa na mtoto wa miezi miwili, chupa na kopo alilopewa njiani. "Docta, maziwa ilikauka tangu tulikimbia," aliniambia. Nilimwomba anioneshe anavyochanganya. Palipoandikwa vijiko vinne alitia kimoja, ili kopo lidumu. Mtoto alikuwa anakunywa maji meupe, na amekwisha kuharisha siku sita. Tulimfunga mama mrija mwembamba kwenye chuchu, ncha ya pili ikiwa ndani ya kikombe cha maziwa. Mtoto anyonye titi, apate ya kikombe, na titi lipate agizo lake. Kila saa mbili, usiku na mchana, naye mama akila mara nne kwa siku. Siku ya tisa tuliuondoa mrija. Titi lililosemekana limekauka lilimlea mtoto yule.

Kisha njoo kwenye maji. Unga wa maziwa haukuuawa vijidudu vyote kiwandani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa, yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Kila mlo uchanganywe upya, na vyombo vichemshwe. Sasa tazama mahali penyewe. Goma imejengwa juu ya mwamba wa volkano, jiwe jeusi ambalo jembe haliliingii, kwa hiyo kuchimba choo ni shida na kinyesi hakiendi mbali. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapo, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi mno kwa kipindupindu na kuhara. Kipindupindu hakijaondoka Kivu mpaka leo. Katika mazingira hayo, titi ni chombo kisichohitaji kuoshwa wala kuchemshwa, na ndani yake mna kinga ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitia kwenye kopo.

Na maji hayachemki bila moto. Hapa ndipo naomba msomaji asimame kidogo. Vijiji vingi vya Masisi viko juu ya mita 2,000. Usiku ni baridi, mvua ni nyingi, kuni ni mbichi. Mtoto mchanga hula mara nane kwa siku, mbili au tatu kati yake ni usiku, chini ya turubai. Kuni hizo zinatoka wapi? Wanawake wa kambi za Goma walizifuata pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga, na huko ndiko wengi walikobakwa. Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu waathirika kwa maelfu, na wengi walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Kila kopo mnalolituma linamwongezea mama safari ya porini. Hilo halikuandikwa kwenye lebo, lakini ndiyo bei yake.

Wanaotaka ushahidi, upo. Baada ya tetemeko la Mei 2006 huko Yogyakarta, Indonesia, maziwa ya msaada yaligawiwa bila mpango. Watafiti walipowafuatilia watoto wa chini ya miaka miwili, waliopewa maziwa hayo asilimia 25.4 walikuwa wameharisha katika wiki moja. Wasiopewa, asilimia 11.5. Tangu 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, na miongozo ya lishe ya watoto wakati wa maafa inakataa waziwazi michango ya maziwa haya, chupa na chuchu za mpira. Miongozo hiyo ilitokana na makaburi.

Wapo watoto wanaohitaji kopo kweli: yatima asiye na wa kumnyonyesha, na mtoto ambaye mama yake ameshindwa kabisa baada ya kusaidiwa. Hao ni wachache. Hutambuliwa mmoja mmoja na mhudumu aliyefunzwa, hupewa maziwa ya miezi yote wanayohitaji, pamoja na maji, kuni na ufuatiliaji wa kila wiki, nao hunywa kwa kikombe, kwa kuwa chupa haisafishiki kambini. Maziwa yao hununuliwa na mashirika yenye kazi hiyo. Hayahitaji kamati ya Dar es Salaam.

Basi mfanye nini? Nitasema upesi, kwa sababu si mambo magumu.

Tumeni pesa, kupitia mashirika ambayo tayari yako kule na yanaingia vijijini: Msalaba Mwekundu, Caritas, UNICEF. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mapigano yalipofika mjini, benki nazo zikafunga milango. Lakini pesa za simu ziliendelea kufika mahali ambapo lori halifiki, na mama hununua maharage, mafuta na dagaa wa sambaza sokoni kwao. Mkitaka kutoa vitu, toeni mablanketi, sabuni, vitenge, madumu ya maji yenye mfuniko na majiko yanayokula kuni kidogo. Mama anayenyonyesha apewe mgao wa ziada. Mwenye VVU aendelee na dawa zake na aendelee kunyonyesha. Mtoto aliyefiwa na mama atafutiwe kwanza shangazi, bibi au jirani wa kumnyonyesha. Kwa Waislamu familia zielezwe mapema kwamba huo ni undugu wa kunyonya, na majina yaandikwe. Mtoto aliyetimiza miezi sita apimwe mkono kwa mkanda: chini ya sentimita 11.5 apelekwe kituoni siku hiyo hiyo apate chakula dawa. Mwanamke aliyebakwa afike kwa daktari kabla ya saa 72 kupita, ndipo dawa za kuzuia VVU zifae kitu. Kwa hiyo nauli ya pikipiki nayo ni msaada wa kitabibu. Maji yatiwe klorini. Wenye ndugu Kivu wawapigie simu na kuwaambia haya kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha yao pia, na neno la shangazi huaminiwa kuliko bango la shirika.

Kamati ile ya kanisa nimeijibu hivi hivi. Wapo walionuna. Mwenyekiti wao, mama aliyelea watoto sita, alinyamaza kidogo, kisha akasema duka limekubali kuyapokea makopo ambayo hayajafunguliwa.

Nanyi mliokuwa mnajiandaa kuniuliza, naomba mfanye vivyo hivyo. Maziwa ya mtoto wa Masisi yamekwisha kufika, yako kifuani kwa mama yake. Ambacho hakijafika ni chakula cha mama huyo.