Utanashati Haukuanza Leo

Ipo picha moja iliyopigwa mjini Bamako, Mali, mwishoni mwa miaka ya hamsini, ambayo ningependa kila mwanafunzi wa shule ya upili aitazame kwa makini. Ni ya kijana aliyevalia koti la rangi nyeupe na tai, miwani minene usoni, naye ameshika ua moja tu mbele ya kifua chake. Aliyeipiga ni Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini humo mwaka wa 1948 na kufariki mwaka wa 2001, jina lake likiwa limekwisha kuvuka mipaka ya Afrika.

Nimeikumbuka picha hiyo kwa sababu ya mjadala usiokwisha katika vyumba vya walimu: je, kijana anayejali mavazi yake ana nafasi ya kujali masomo? Wapo wanaoshikilia kwamba hana. Mimi sikubaliani nao, ingawa naielewa hofu yao. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo hawezi kufurahi kusikia kwamba mwanawe anadai viatu vya bei ya ng'ombe. Hata hivyo, ubadhirifu ni jambo moja na utanashati ni jambo jingine.

Hebu tuingie katika studio ya Keïta. Humo mlikuwa na suti za Kizungu, tai, saa, kalamu, redio na hata pikipiki aina ya Vespa, vyote vikimsubiri mteja. Aliyefika na shati lake pekee aliazimwa koti, akapigwa picha, akalirudisha. Wahenga walinena kuwa cha kuazima hakisitiri maungo. Naona huko Bamako walipata mpinzani. Mali ilikuwa bado chini ya Ufaransa hadi mwaka wa 1960, na mtu aliyetawaliwa kutwa nzima alilipa senti zake ili kwa dakika chache aonekane jinsi alivyotaka mwenyewe. Tukimcheka kwa kuvaa koti la kuazima, tutakuwa hatukuisoma picha.

Baada ya uhuru alitokea Malick Sidibé, ambaye mwaka wa 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice, mpigapicha wa kwanza kupewa tuzo hiyo. Yeye aliwafuata vijana kwenye dansi za usiku. Katika picha yake mashuhuri ya mkesha wa Krismasi ya mwaka wa 1963, mvulana aliyevaa suti anacheza na msichana asiye na viatu, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Suti ile imemkaa mvulana barabara, na miguu mitupu ya msichana haimpunguzii hadhi hata chembe.

Sinema nazo zina somo lake. Katika filamu ya Casablanca ya mwaka wa 1942, Humphrey Bogart alivaa koti refu la mvua lenye mshipi, na wanaume wengi wakalitamani. Wachache walijiuliza lilikotoka. Lilikuwa vazi la maofisa wa jeshi la Uingereza katika mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza, na vile vipande vya mabegani vilikuwa vya kubebea alama za vyeo. Fulana nayo ilikuwa nguo ya ndani hadi waigizaji kama Marlon Brando, mwaka wa 1951, walipoonekana nayo hadharani katika sinema. Ajabu ni kwamba leo twaiona kuwa vazi lisilohitaji maelezo.

Basi kijana ajifunze nini? Kwanza, picha hizi nyingi hazina rangi, kwa hiyo jicho halina budi kutazama umbo: bega limekomea wapi, mkono wa shati umejitokeza kiasi gani, pindo la suruali limegusaje kiatu. Ujuzi huo hauna bei. Anayeuelewa akienda Gikomba atachagua koti la mitumba kwa kutazama mabega kwanza, maana fundi cherehani hupunguza kiuno na kufupisha mikono bila taabu, lakini bega likizidi, kazi huwa ngumu na gharama huweza kupita bei ya koti lenyewe. Bitana iliyochanika isimtishe, hiyo hubadilishwa.

Pili, atagundua kwamba heshima ya vazi huamuliwa na watu, na watu hubadilika. Mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge letu la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Vazi lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia likahesabiwa kuwa halifai mahali ambapo koti na tai vyafaa! Sisemi Spika alikosea kuwa na kanuni. Nasema mwalimu wa historia hakuhitaji kutafuta mada nyingine juma lile.

La kusikitisha ni kwamba twatafuta mifano ya utanashati mbali ilhali imo masandukuni mwa nyanya zetu. Picha za harusi na za studio za mijini zinaliwa na mchwa, nyuma yake pasipo hata jina. Likizo ijayo, mwalimu wa Kiswahili angeweza kuwatuma wanafunzi wake nyumbani, kila mmoja aombe kuonyeshwa picha moja ya babu yake akiwa kijana, kisha aulize ni nani aliyelishona lile koti na iwapo lilikuwa lake.