Je, wajua? Usukani mwepesi huanzia kwenye injini

Trekta kuukuu likitiwa usukani wa pawa, injini haiongezewi nguvu hata chembe. Inapewa kibarua kimoja tu cha ziada: kuzungusha pampu ya mafuta.

Tazama Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo bado linanguruma Uganda na kwa majirani zake. Injini yake ya Perkins ina silinda 3, ujazo wa lita 2.5 na nguvu za farasi 45 hivi. Mengi yalitoka kiwandani na usukani wa kutumia misuli. Dereva anayelima shamba la muhogo au tumbaku kati ya Arua na Koboko baada ya mvua anaijua adha yake: kila akifika mwisho wa shamba sharti ageuze, magurudumu ya mbele yamezama, na mabega ndiyo yanayolipa.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Mhandisi Mmarekani, Francis Davis, aliionyesha kwenye gari mwaka 1926, ingawa wanunuzi wa magari madogo waliisubiri hadi 1951, Chrysler Imperial ilipoingia sokoni nayo. Mafuta yenye mgandamizo wa kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, yakiingia katika silinda yenye kipenyo cha sentimita 5, husukuma kwa nguvu ya karibu tani 2. Hakuna bega la kushindana na hilo.

Mafuta hayo yatoke wapi? Wengi hutamani kuyachukua kwenye pampu inayoinua plau. Katika 135 pampu hiyo imo ndani kabisa, nyuma ya klachi. Kwenye matrekta yenye klachi ya hatua moja, ukiikanyaga tu, pampu inasimama, na usukani ungekufa palepale unapouhitaji. Ndiyo maana fundi hufunga pampu ya pili mbele ya injini, ikavutwa na mkanda kutoka puli ya krenki. Hata pampu ya gari dogo lililokufa yafaa, mradi kishikizo chake kiwe imara na mkanda ukae sambamba.

Na injini haichoki? Trekta likienda mbele moja kwa moja, mafuta hurudi tangini bila mgandamizo wa maana. Kwenye kona kali, lita 15 kwa dakika hula farasi 3 na ushee, tena wakati ambao plau imeinuliwa na injini imepumzika.

Hasara iko kwingine. Usukani mzito humwambia dereva kwamba bolijointi zimelegea au kingipini imekauka grisi. Ule wa pawa unanyamaza na kuendelea kusukuma hadi chuma kipinde. Kwa mtu wa Arua, ambaye Kampala ya vipuri iko karibu kilomita 500, naona ni upuuzi kununua pampu kabla ya kubadilisha bolijointi na kujaza upepo kwenye matairi.

Fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Peleka trekta uwanja tambarare, zima injini likiwa linajiendea polepole, uhakikishe kwamba magurudumu bado yanageuka kwa mikono yako.