Kesi ya Okwi Bado Haijafungwa Omurushaka

Mimi ni kinyozi, na ni mtu wa Simba. Nayasema yote mawili mapema ili mteja wa Yanga anayekaa kwenye kiti changu hapa Omurushaka, wilayani Karagwe, ajue wembe uko mkononi mwa nani. Ukitaka kumjua shabiki, usimuulize habari za timu ilivyo leo. Hizo kila mtu kazisikia redioni. Mtajie mchezaji aliyeondoka. Hapo bodaboda anaacha abiria barabarani, na mnunuzi wa kahawa anasahau gunia juu ya mzani.

Anayeongoza kwa kesi ni Emmanuel Okwi. Huku kwetu Uganda ni pua na mdomo: ukipita Kyerwa hadi Murongo, ukavuka mto Kagera, uko Kikagati. Kwa hiyo Okwi tulimchukua kama kijana wa jirani, na la jirani huuma zaidi. Januari 2013 Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, na fedha hizo zikageuka mgogoro wa miaka uliofika FIFA. Yeye naye hakuelewana na Watunisia, akarudi SC Villa ya kwao, na kabla mwaka haujaisha tukamwona na jezi ya Yanga. Mwaka 2014 akarudi Msimbazi, kwetu Simba. Akaenda SønderjyskE ya Denmark, akarudi tena 2017, na msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Msaliti, au mwana mpotevu? Wateja walewale waliomlaani alipovaa njano na kijani ndio walioimba jina lake Simba ilipochukua ubingwa.

Yanga nao wana wa kwao. Haruna Niyonzima, Mnyarwanda, alipohamia Simba mwaka 2017 wapo waliochoma jezi yake. Baadaye akarudi Jangwani, kwa Yanga, na mwaka 2021 Yanga hao hao wakamuaga kwa heshima. Moto na maua, mtu yuleyule.

Mimi nikibanwa sana huitaja Mei 19, 2018. Simba ilikuwa haijafungwa mechi hata moja ya ligi, na Rais Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kukabidhi kombe. Wageni walikuwa Kagera Sugar, timu ya mkoa wetu. Mechi ikielekea mwisho, Edward Christopher, aliyewahi kuwa mchezaji wa Simba, akafunga. Simba wakapata penalti dakika za nyongeza. Akaenda Okwi kuipiga, na golini yuko Juma Kaseja, yule yule aliyeidakia Simba mwaka 2003 ilipowatoa Zamalek kwa penalti kule Cairo. Kaseja akaidaka. Simba 0, Kagera Sugar 1. Mtu wa Kagera anayeshabikia Simba alie au acheke? Saluni ilikuwa na kelele za pande zote mbili, na wengine walikuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ila sikumsikia hata mmoja akisema Kaseja ametusaliti. Alikuwa kazini.

Hapo ndipo wengi wanapopotea: tunapima mapenzi, wakati mwenye kauli ni mkataba. Mkataba ukiwa bado hai, klabu inayomtaka mchezaji hulipa ada ya uhamisho. Ukibaki miezi sita, mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine, hata kusaini mkataba wa baadaye. Ukiisha, anaondoka bure. Tazameni Clatous Chama. Mwaka 2021 Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco. Alirudi, akacheza, na Julai 2024 akavuka kwenda Yanga baada ya mkataba wake kumalizika. Walionuna walimnunia Chama. Mimi niliwauliza viongozi walikuwa wapi mkataba unakwisha.

Fiston Mayele, kwa upande wake, aliuzwa vizuri. Aliifungia Yanga mabao 7 kwenye Kombe la Shirikisho 2022/23 hadi wakafika fainali, kisha akaenda Pyramids ya Misri. Juni 2025 Pyramids ikaifunga Mamelodi Sundowns na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza, Mayele akiwa mmoja wa wafungaji siku hiyo. Kesho yake watu wa Yanga walikuja kunyoa kana kwamba kombe limeshuka Jangwani. Sikuwabishia, nasi tulifanya hivyo hivyo Machi 1, 2020, Mtanzania mwenzetu Mbwana Samatta alipofunga Wembley akiwa Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walilala 2-1, lakini bao lilikuwa letu.

Samatta ananifikisha kwenye jambo ambalo vijiweni halitajwi. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa malezi kati ya 16 na 23 una thamani ya nusu asilimia, yaani shilingi 5,000 katika kila milioni. Mwaka wa utotoni, 12 hadi 15, ni nusu ya hiyo. Ndiyo maana klabu ya Genk ilipomuuza Samatta kwa Aston Villa, klabu kama African Lyon na Simba zilikuwa na jina kwenye hesabu, ingawa alishaziacha miaka mingi.

Sharti ni moja: mchezaji awe amesajiliwa. Kwa hiyo ninyi makocha wa Nkwenda, Kaisho, Kihanga na Nyaishozi mnaofundisha watoto jioni bila mshahara, sajilini timu, wasajilini watoto kupitia chama cha mpira cha wilaya, na karatasi zenu mzitunze.