Chakula cha Mgonjwa Wakati wa Ugonjwa wa Kuambukiza

Umekwisha kujifunza kwamba chakula hutia mwili nguvu, huujenga na kuukinga na maradhi. Mgonjwa anakihitaji zaidi. Homa inapopanda, mwili hutumia nguvu nyingi. Mgonjwa asipokula kwa siku nyingi, mwili huanza kutumia misuli yake wenyewe, hata ile ya kuvutia pumzi. Kwa hiyo chakula ni sehemu ya matibabu.

Hospitalini yuko mtaalamu wa lishe. Yeye humpima mgonjwa uzito, huuliza anakula nini, kisha huamua chakula kinachomfaa. Mgonjwa wa kisukari, kwa mfano, hupangiwa chakula chake.

Mikoa ya Mbeya na Iringa ina vyakula vingi. Kyela hulimwa mpunga, Rungwe ndizi na viazi, na Iringa mahindi na maharage. Lakini chakula kuwa shambani si sawa na kuwa kinywani mwa mgonjwa. Katika hospitali nyingi nchini, ndugu ndio wapikao nyumbani, wakaleta chakula wodini na kumlisha mgonjwa wao.

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliingia Tanzania. Ugonjwa huu huenezwa kwa hewa itokayo kwa mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au anapopumua. Kwa sababu hiyo wagonjwa hutengwa. Hapo mtaalamu wa lishe hupata shida tatu:

1. Ndugu hawaruhusiwi kuingia wodini. Kazi ya kulisha humwangukia muuguzi, naye ana wagonjwa wengi.

2. Mtaalamu mwenyewe hawezi kuingia mara kwa mara. Huenda akashindwa kumpima mgonjwa, ikambidi kumwuliza muuguzi kwa simu.

3. Mgonjwa hupoteza hamu ya kula, kwa kuwa huenda hasikii harufu wala ladha. Tena anahema, na pengine anapewa oksijeni kwa kifuniko cha pua na mdomo.

Tuseme bibi mmoja ameletewa ugali na maharage. Ndugu wamekabidhi chakula mlangoni, wakarudi nyumbani wakiamini atashiba. Bibi anatafuna matonge mawili, pumzi inamwishia, anaacha. Sahani inarudi imejaa. Muuguzi asipotoa habari, hakuna atakayejua kwamba bibi ana njaa.

Muuguzi akitoa habari, mtaalamu hubadili chakula. Huagiza uji mwepesi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Asiyeweza kumeza hulishwa kwa mrija mwembamba upitao puani hadi tumboni. Vyombo vyote huoshwa kwa maji na sabuni.

Kumbuka: kuleta chakula ni jambo moja, kuhakikisha kimeliwa ni jambo jingine.

Maswali

1. Kwa nini mwenye homa huhitaji chakula zaidi?
2. Kwa nini uji ulimfaa bibi kuliko ugali?
3. Taja vyakula vitatu vya kwenu vinavyomfaa mgonjwa asiyeweza kutafuna.