Daftari Ndilo Lililofungua Ikulu ya Washington

Wapo wanaosema kwamba mwaka 2008 Wamarekani waliamka siku moja, wakauonea haya ubaguzi wao, wakamchagua mtu mweusi kuwa Rais. Wapo pia wanaoshikilia kwamba kuchaguliwa kwa Barack Obama kulikuwa pambo tu, na kwamba hapana lililobadilika. Sisi tunaona kauli zote mbili hazina uzito. Zote zinamtazama mtu mmoja na kuisahau kazi ya watu wengi iliyochukua zaidi ya miaka arubaini, kazi ya kuandikisha wapiga kura na kurekebisha kanuni za chama.

Suala hili lilitufikia tukiwa kitandani. Mwezi uliopita tulifanyiwa upasuaji mdogo wa ngiri, na alhamdulillahi tunaendelea vyema. Kazi yenyewe haikuzidi saa moja, lakini dakta ametukataza kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita, hata ndoo ya maji. Mtu aliyezoea kuhudhuria vikao asubuhi na jioni, akikatazwa hivyo, hubakiwa na shughuli mbili tu: kusoma, na kuwapokea wanaokuja kumkagua. Jioni moja walikutana kwetu wageni wawili. Mmoja ni mzee wetu wa mtaani, baharia mstaafu, ambaye ujanani mwake aliwahi kufika bandari za kusini mwa Marekani na kuiona kwa macho yake milango ya mikahawa iliyotengwa, huu wa weupe na ule wa weusi. Wa pili ni mtoto wa ndugu yetu anayesoma chuo kikuu.

“Ami,” kijana alituambia, “mambo ya rangi Marekani yamekwisha. Mtu ambaye baba yake ni wa Kogelo, hapo Kenya tu, amekuwa Rais mara mbili.”

Mzee akamkata: “Mjukuu wangu, wamemwingiza mmoja ili wenziwe wanyamaze.”

Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Sisi, tulioambiwa tusicheke kwa nguvu kwa ajili ya nyuzi, tulinyamaza. Haya ndiyo tuliyokuwa nayo moyoni.

Anayetaka kulielewa jambo hili aanze na afisi ndogo katika mji wa Selma, jimbo la Alabama. Katiba ya Marekani ilikataza tangu mwaka 1870 mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini katiba haikai mezani ikaandika majina. Aliyekaa mezani ni karani, na afisi yake hapo Selma ikifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Akitaka, aliweza kumsaili mwalimu mweusi mambo ya sheria ambayo hata mwanasheria angeyatafuta vitabuni, kisha akamwambia ameshindwa mtihani. Katika wilaya ile walikuwapo watu weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura; mwanzoni mwa mwaka 1965 walioandikishwa hawakufika hata 500. Katika jimbo jirani la Mississippi, walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7.

Tarehe 7 Machi, 1965, waandamanaji walipigwa na polisi kwenye daraja la Selma, na picha zikaenea dunia nzima. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Sheria hiyo iliruhusu maafisa wa serikali kuu kupelekwa kuandikisha watu pale ambapo makarani wa jimbo walikataa. Aidha, iliyalazimisha majimbo yenye historia mbaya yaombe idhini kabla ya kubadili utaratibu wowote wa uchaguzi. Ilipofika mwaka 1967, asilimia 6.7 ya Mississippi ilikuwa imepanda kufikia 59.8. Maafisa wetu wanaosoma safu hii waitazame tarakimu hiyo kwa makini. Watu walikuwa ni wale wale na katiba ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyekaa mezani, na kwa maagizo ya nani.

Mwaka 1972 Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa Brooklyn aliyeingia Bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 1968, aliomba kuteuliwa na Chama cha Democrats kugombea urais. Alipata kura za wajumbe 152 hivi katika mkutano mkuu, na wengi walimcheka. Baada yake akaja Mchungaji Jesse Jackson, na hapa ndipo sisi watu wa chama tunapopaswa kusimama kidogo.

Mwaka 1984 Jackson alipata kiasi cha asilimia 18 ya kura za maoni, kama tunavyoziita katika vyama vyetu, lakini wajumbe aliopewa walikuwa wapatao 465 kati ya zaidi ya 3,900. Kanuni za wakati ule zilimzidishia mshindi na kumpunja aliyeshindwa. Mwaka 1988 aligombea tena, akapata karibu kura milioni saba, akashinda hata Michigan. Uteuzi hakuupata. Ila alidai jambo ambalo magazeti hayakulipamba sana, nalo ni kwamba wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura katika kila jimbo. Chama kikakubali.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka 2008 Hillary Clinton alimshinda Obama katika California, jimbo kubwa kuliko yote. Kwa kanuni ya mshindi kuchukua vyote, wajumbe wote wa jimbo hilo wangekuwa wake. Kwa kanuni aliyoipigania Jackson, Clinton alipata 204 na Obama akaondoka na 166. Kwa hesabu za namna hiyo, jimbo baada ya jimbo, ndivyo uteuzi ulivyopatikana. Mtu akituambia kwamba mijadala ya kanuni katika vikao vya chama ni kupoteza wakati, tutamwonyesha hesabu hii.

Tunaikumbuka asubuhi ya tarehe 5 Novemba, 2008. Ilikuwa kiasi cha saa moja kwa saa zetu redio zilipotangaza kwamba Obama ameshinda. Mwisho wa hesabu alikuwa na kura 365 za majimbo dhidi ya 173 za John McCain. Kenya ilitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko. Kwetu watu walisalimiana barabarani kama siku ya Idi, na mtu aliyezaliwa Honolulu, kisiwani kama sisi, akawa wa kila mtu.

Hata hivyo, tulipotolewa nyuzi dakta alitueleza kwamba ngozi hushikana mapema, lakini nyama ya ndani huchukua miezi, na anayebeba mzigo kwa kudanganywa na ngozi hurudi tena kwenye kisu. Matokeo yale ya 2008, ukiyasoma jimbo kwa jimbo, yanaonyesha hali hiyo hiyo. Katika Alabama, ile ile ya Selma, kwa mujibu wa waliohojiwa wakitoka vituoni, mweupe mmoja tu katika kila kumi ndiye aliyempigia Obama. Kisha likaja dai la uongo kwamba Rais huyo kazaliwa Kenya, na mwezi wa Aprili 2011 akalazimika kutoa hadharani cheti chake kamili cha kuzaliwa. Donald Trump, aliyekuwa msitari wa mbele kulieneza dai hilo, alichaguliwa Rais mwaka 2016, na tena mwaka 2024 alipomshinda Kamala Harris, binti wa baba wa Jamaika na mama wa Kihindi.

Na sisi visiwani tusijifanye wageni wa maneno hayo. Yapo mabaraza, na tumekaa nayo, ambamo kiongozi akitajwa halisailiwi alilofanya, bali husailiwa babu yake alishuka na jahazi gani. Anayemcheka Mmarekani kwa kumdai Rais wake cheti cha kuzaliwa na ajitazame kwanza.

Kijana wetu bado anaamini kwamba sheria ikishapita imepita. Tulimtajia tarehe 25 Juni, 2013. Siku hiyo Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikifuta kifungu kilichoyataja majimbo yaliyopaswa kuomba idhini chini ya sheria ya mwaka 1965. Siku hiyo hiyo jimbo la Texas lilitangaza kuanza kuitumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, iliyokuwa imezuiwa na mahakama mwaka 2012. Obama alikuwa bado yumo Ikulu.